Siku Ishirini na Moja

Lilikuja kwa mkokoteni wa ng'ombe kutoka Usoke,
limefungwa kamba za katani kama mgonjwa,
trekta dogo la bustani, kimo chake beberu wa mbuzi,
halina siti, halina jina:
kwenye bati la mbele zimebaki herufi mbili
na kati yazo tundu la nyigu.

Mihambo alilinunua kwa kilo.
Kwa kilo, kama dagaa.
Mwenye vyuma chakavu alilipandisha mizani ya tumbaku,
wakabishana nani alipie matope
mpaka adhuhuri.

Miaka thelathini na moja karakana ya reli
ilimlipa mume wangu atengeneze vitu vizito vya watu.
Leo ana kitu chepesi cha kwake,
anakizunguka uani kwetu Isevya tangu alfajiri,
mwangaluka yangu inampita kama upepo.

Akapangua.
Kabureta ikachemshwa katika sufuria langu la chai
(sasa ni lake, simdai).
Boya akaliziba kwa lehemu,
gasketi akaikata kwenye katoni ya sabuni
kwa wembe wa ndevu zake,
mafuta yapite katika mpira wa dripu,
plagi ya pikipiki.
Akakwangua: chini ya buluu, nyekundu,
chini ya nyekundu, kijani,
na ndani ya kijani jina limechorwa kwa kidole
rangi ikiwa bado mbichi: ANSELIMU.
Mihambo akavua kofia.
"Kumbe kuna mtu zamu yake imeisha," akasema.

Lakini pistoni haikutaka.
Kutu ilikuwa imeifungisha ndoa na silinda,
ndoa ya kanisani, isiyo na talaka.
Akashika hendeli, nikaona mishipa ya shingo.
Akaongeza bomba, hendeli ikapinda.
"Nyundo," akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka,
kama daktari.

Sikumpa.
Pale palipokuwa na betri, kuku wangu wa kishingo
alikuwa amelala juu ya mayai kumi na moja
anatutazama kwa jicho moja.
"Hapigwi nyundo mzazi," nikasema.
"Hilo ni trekta!"
"Hicho ni kiota."

Basi akamimina tunduni
oili nusu, mafuta ya taa nusu,
akaziba kwa gunzi, akakaa juu ya debe.

Siku ya tatu alinuna.
Siku ya tisa akaanza kupiga msasa magurudumu,
taratibu, asije akamshtua.
Ya kumi na nne nilitoka na sahani ya michembe na karanga,
nikamkuta amechuchumaa, kamwekea maji kwenye kifuniko cha oili,
anamweleza kuku kazi ya ringi.
Nikarudi ndani. Nilicheka na mlango.

Ishirini na moja: vifaranga tisa, viza mawili.
Nikamhamishia mama tengani.
Mihambo akaingiza hendeli, akaizungusha bila nguvu,
kama mtu anayejaribu mlango akijua umefungwa,
na kitu ndani kikashusha pumzi.
Nusu mzunguko.
Alibaki ameinama, ameshika, haamini, haachii.

Halikuwaka siku hiyo.
Wala kesho yake, wala Jumapili.
Lilikuja kuwaka Alhamisi, treni ya Mpanda ikipiga honi,
kwa hiyo hakuna jirani aliyesikia ila mimi;
moshi mweupe, harufu ya taa na manyoya,
vifaranga chini ya gauni langu.
Likalima tuta moja la viazi
na nusu ya pili,
likazima karibu na ukuta.

"Mafuta," nikasema.
"Mafuta," akasema, na uso wake
sijauona hivyo tangu tulipopata mtoto wa kwanza.

Dukani betri zipo. Hajaenda.
Jana nimefunua boneti:
pale pa betri pametandikwa majani makavu,
yamezungushwa vizuri, kwa vidole vyenye grisi.
Sikutandika mimi.